Kimondo, Kalenga na Tanuru la Babu

Muhula uliopita Chama chetu cha Historia kilifanya safari mbili, moja fupi na moja ndefu. Mwalimu ameniagiza niziandike kusudi wale ambao hawakupata nafasi wajue tulichokiona, na wazazi waliotoa nauli wajue fedha yao ilikwenda wapi.

Nasema kweli, kabla ya safari hizo mimi nilikuwa miongoni mwa wale wasemao kwamba huku kwetu hakuna kitu cha kutazama ila malori yanayosubiri kuvuka mpaka kwenda Zambia. Mambo ya kale, nilidhani, yako pwani: Kilwa, Bagamoyo, Unguja. Huko ndiko kwenye misikiti ya mawe na majumba ya masultani. Sisi tumepewa kahawa na baridi.

Safari ya kwanza ilikuwa ya kwenda kukiona Kimondo cha Mbozi. Ukitoka Tunduma unaishika barabara kuu ya Mbeya, unaipita Vwawa, kisha unaiacha lami na kuingia njia ya vumbi katikati ya mashamba, hadi kijiji cha Ndolezi, kwenye mteremko wa kilima cha Marengi. Tulitarajia kuona jiwe. Tulichokikuta ni pande la chuma, jeusi lenye wekundu kidogo, refu karibu mita 3, kimo chake chapata mita 1 na zaidi, nalo limelala kama ng'ombe aliyechoka. Uzito wake hukadiriwa kuwa tani 16, ingawa wengine hutaja 12. Hakuna aliyepata kukiweka kwenye mizani, basi hesabu zote ni za makisio. Hata hivyo ni mojawapo ya vimondo vikubwa kabisa duniani. Kikubwa kuvipita vyote ni kile cha Hoba, nchini Namibia, ambacho hukadiriwa kuwa na tani 60.

Yafaa nieleze kidogo kimondo ni kitu gani, maana hata katika basi ubishi ulikuwa mkali. Si nyota iliyoanguka. Nyota ni jua la mbali, nayo ingetuangukia asingebaki mtu wa kuandika habari hizi. Zamani sana, sayari zilipokuwa zikiumbika, palikuwapo sayari ndogo ndogo ambazo ndani yake chuma kilichoyeyuka kilizama hadi katikati, kama vile mawe yazamavyo katika uji. Baadaye nyingine ziligongana zikavunjika, na vipande vya ile mioyo yao ya chuma vikabaki vikizunguka jua. Mara chache kipande kimoja hukutana na dunia yetu. Kimondo chetu ni kipande cha namna hiyo: karibu sehemu 90 katika 100 ni chuma, na sehemu kama 8 au 9 ni nikeli. Vimondo vya aina hii vikikatwa, vikasuguliwa mpaka ving'ae na kupakwa asidi, huonyesha mistari inayokatizana kama ukili wa mkeka. Mistari hiyo hutokea pale tu chuma kinapopoa polepole mno. Hakuna kiwanda kiwezacho kuiiga.

Watu wa vijiji vya karibu walikijua kimondo hiki tangu zamani. Lakini hawana hadithi ya siku kilipoanguka, wala hapana shimo kubwa ambalo lingeonyesha kishindo chake. Kwa hiyo wataalamu huamini kwamba kilianguka zamani mno, kabla ya kumbukumbu ya mababu kuanza. Mwaka 1930 mpima ardhi mmoja kutoka Johannesburg, W. H. Nott, alikiona na kutoa habari zake. Wakati huo sehemu kubwa ilikuwa imefukiwa. Pakachimbwa handaki kukizunguka, ukaachwa mguu wa udongo chini yake, nao ukajengewa saruji. Ndiyo maana leo kinaonekana kama kimewekwa juu ya kiti. Walikata kipande kwa msumeno wa chuma, kazi iliyowachosha sana, na sehemu ikapelekwa kwenye jumba la makumbusho la London. Kilichobaki hawakukiweza. Rafiki yangu mmoja alisema kwamba uzito ndio uliokuwa mlinzi wa kwanza wa kimondo, nami naona alisema sawa. Mlinzi wa pili ni sheria, kwa kuwa mwaka 1967 Serikali ilikitangaza kuwa kumbukumbu inayolindwa.

Safari ya pili ilikuwa ya kwenda Kalenga, karibu na Iringa, mwendo wa zaidi ya kilomita 400. Tulilala njiani kwa wenyeji wema, na habari za basi lililopata pancha mara mbili naziacha.

Kalenga ilikuwa makao makuu ya Mtwa Mkwawa wa Wahehe. Aliizungushia ngome ya mawe na udongo kando ya mto Ruaha Mdogo. Mtu aliyezoea picha za majumba ya wafalme wa Ulaya atasikitika akifika, maana ngome yenyewe haipo. Tarehe 17 Agosti 1891, pale Lugalo, jeshi la Mkwawa lilikivizia kikosi cha Wajerumani na kukivunja kabisa, na kiongozi wao, Zelewski, akafa. Wajerumani walikaa miaka mitatu wakijiandaa. Tarehe 30 Oktoba 1894 wakaipiga Kalenga kwa mizinga na kuiteka. Mkwawa alitoroka, akapigana vita vya porini hadi tarehe 19 Julai 1898, siku ambayo alijipiga risasi kuliko kukamatwa. Kichwa chake kikakatwa, na fuvu likapelekwa Ujerumani.

Fuvu hilo ndilo tulilokwenda kuliona. Limo katika nyumba ndogo ya makumbusho, ndani ya sanduku la kioo, na darasa zima lililokuwa likipiga kelele tangu Mafinga lilinyamaza. Nilikuwa nimesoma kwamba Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, ule uliomaliza Vita Kuu ya Kwanza, una kifungu kizima, cha 246, kinachoiamuru Ujerumani kulirudisha fuvu la Mkwawa katika miezi sita. Miezi sita ikapita, na miaka zaidi ya thelathini. Mwishowe Gavana Twining alikwenda mwenyewe kwenye jumba la makumbusho la Bremen, akakuta mafuvu yapatayo 2,000. Likachaguliwa moja, kwa kulinganisha vipimo vyake na vya vichwa vya jamaa zake, na kwa kuwa lilikuwa na tundu la risasi. Mwaka 1954 alilikabidhi Kalenga kwa Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wa marehemu, ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge letu. Wako wanaouliza kama lililochaguliwa ndilo hasa. Mimi sina uwezo wa kuamua. Lakini nilijiuliza yale mengine yaliyobaki kwenye rafu yalikuwa ya babu za nani.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo Mwalimu hakuniagiza.

Usiku ule wa kurudi sikulala. Nilikuwa nikiwaza habari za chuma. Katika shamba la babu yangu, huku huku Mbozi, pembeni mwa mibuni, kuna kichuguu cha udongo ulioungua, na kando yake marundo ya mavi ya chuma (ndilo jina lake, nisilaumiwe). Tulipokuwa wadogo, mimi na ndugu zangu tulikivunja kichuguu kile ili tupate mabomba ya udongo yaliyokuwa ndani yake, tukayafanya bunduki za kuchezea. Hakuna aliyetukataza. Hatukujua kwamba lilikuwa tanuru.

Likizo ilipofika nilikwenda kwa babu, nikampa shikamoo, nikamwomba anieleze. Alicheka, akasema, "Mjukuu wangu, ulilivunja kwanza ndipo unauliza?" Kisha akanieleza. Yeye mwenyewe hakupata kuliona likiwaka. Alisimuliwa na baba yake, ambaye alivukuta mivukuto alipokuwa mtoto. Wanyiha walijulikana sana kwa kazi hii, kama majirani zao Wafipa na Wanyamwanga. Tanuru kubwa lilijengwa kwa udongo, likapita kimo cha mtu. Walipanga ndani makaa na mawe yenye chuma, tabaka juu ya tabaka. Halikuvukutwa. Chini yake yaliachwa matundu yenye yale mabomba yetu ya bunduki, na moto uliopanda juu ulivuta hewa wenyewe, kama bomba la moshi livutavyo. Liliwaka siku kadhaa. Kilichotoka kilikuwa kibonge kichafu, na hicho kiliyeyushwa tena katika tanuru dogo, na hapo ndipo mivukuto ya ngozi ilipofanya kazi, kisha kikafuliwa kuwa majembe. Palikuwa na dawa na miiko: wayeyushaji walikaa mbali na wake zao hadi kazi iishe. Jembe lilikuwa mali, lililipa hata mahari. Majembe ya dukani yalipoenea, moto ukazimika.

Nilipomweleza Mwalimu alinionyesha jambo ambalo sikulijua. Sheria yetu ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 huyalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Ya baadaye hayana budi kutangazwa na Serikali, kama kimondo kilivyotangazwa. Tanuru la babu huenda ni changa kuliko mwaka ule. Halina uzito wa tani 16, wala mkataba wa mataifa haulitaji. Shoka moja la mtu anayetaka kupanda mibuni miwili zaidi linatosha.

Nawauliza basi wanafunzi mtokao Mbozi, Momba, Ileje na Songwe: kwenu hamna kichuguu kigumu chekundu ambacho jembe hukikwepa? Pengine hapo karibu pana mawe meusi mazito, yenye mapovu kama mkate uliochacha. Kama mnapo, msikiguse kitu. Mwulizeni babu au bibi mapema, maana wanaokumbuka wamebaki wachache. Andikeni jina la mahali, pimeni kwa kamba, chorani, mleteni kwa katibu wa Chama. Tumefungua daftari, na hadi leo lina tanuru moja.

Hilo moja ni letu. Lina kimo cha sentimita 61 kwa upande uliobaki, na upana wa hatua mbili. Kati ya yale mabomba nimepata vipande vitatu, kimoja kikiwa chini ya banda la kuku. Nimevirudisha, na babu amelizungushia miiba ili mbuzi wasipande.