Sura ya Nne: Daftari Lifungwe Lini?

Kituo cha kununulia majani chai, kiwe Kionyo kule Meru au Rukuriri upande wa Embu, hakina subira. Mkulima ametua kikapu, lori liko njiani, mvua inanyesha, na karani ni yuleyule mmoja. Hapo ndipo mbinu za kuhamia mfumo mpya wa kompyuta hupimwa, wala si kwenye ukumbi wa semina.

Wataalamu husifia njia ya sambamba: mfumo wa zamani na mpya itumike pamoja, hesabu zilinganishwe kila jioni. Kituoni maana yake ni kuandika kila kilo mara mbili kwa mshahara uleule. Majani yakifurika, karani ataandika daftarini, kisha jioni ajaze mashine kwa kunakili. Mashine hiyo haithibitishi chochote tena. Inarudia tu lililosemwa na daftari, pamoja na makosa yake. Sambamba iwe ya siku chache, na tarehe ya kulifunga daftari itangazwe mapema.

Kuhama kwa mkupuo hufaa pale ambapo mifumo miwili haiwezi kukaa pamoja. Tarehe 1 Oktoba 2024 SHA, Mamlaka ya Afya ya Jamii ya Kenya, ilichukua nafasi ya NHIF, bima ya taifa ya hospitali iliyoanza 1966, nchi nzima kwa siku moja. Mshahara hauwezi kukatwa na mifuko miwili ya bima ya afya. Lakini mfumo ulisuasua wiki za mwanzo, na wagonjwa wengi wakadaiwa pesa taslimu.

Kiwanda cha chai hakijabanwa hivyo. Kinaweza kuanza na kituo kimoja, tena kisiwe kile cha karani hodari karibu na lami. Chagua chenye mtandao wa kubahatisha. Kisha kazi ya mizani ihamishwe kwanza, ya malipo ifuate.

Na tarehe? Mimi ningechagua Julai. Mwaka wa fedha wa viwanda vya KTDA, shirika la chai ya wakulima wadogo Kenya, hufungwa 30 Juni, na baridi ya Julai hupunguza majani. Kilo za kuhesabia bonasi zimeshafungwa, za mwaka mpya zinaanzia sifuri. Kinachobaki kuhamishwa ni namba za wakulima na madeni yao ya mbolea. Madeni ndiyo yenye ugomvi: kila mkulima apewe karatasi ya deni lake, alikubali au alipinge, kabla halijaingizwa kwenye mashine.