Lafudhi ya jirani mdomoni mwako

Mtu akihama Masasi au Tarime akaja kupanga chumba Chamazi, mwaka hauishi kabla hajaambiwa kwenye simu kwamba amebadilika. "Siku hizi unaongea kama watu wa Dar," wanasema nyumbani, na ndani ya kauli hiyo mna shutuma: umeanza kujidai. Naye anashangaa kwa dhati, kwa sababu hajaamua kubadili chochote. Amekuwa akiuza genge, akipanda daladala za Rangi Tatu, akigombana na kupatana na wapangaji wenzake, na katika kuishi huko mdomo umejiendea. Nataka kumtetea mtu huyu, maana kinachomtokea kinajulikana vizuri katika fonetiki na isimujamii, na hakina maringo ndani yake.

Chamazi ni mahali pazuri pa kulisikia jambo hili. Kata hii ya Wilaya ya Temeke, ambayo wapenzi wa mpira wanaijua kwa uwanja wa Azam Complex, ilikuwa mashamba kabla jiji halijaifikia. Barabara ya Kilwa ndiyo mlango wa Dar es Salaam kwa watu wa kusini, na tangu Daraja la Mkapa lilipofunguliwa kwenye Mto Rufiji mwaka 2003, Lindi na Mtwara zimekuwa karibu zaidi na Mbagala. Wengine hawakutoka mbali: baadhi ya waliohamishwa Kurasini kupisha upanuzi wa bandari walijiunga katika ushirika, wakanunua ardhi Chamazi na kujenga. Ongeza Wazaramo waliokuwapo tangu zamani, na familia za Wasukuma, Wachaga na Wahaya waliofuata viwanja vya bei nafuu. Kwenye ua mmoja wenye vyumba 6 unaweza kusikia Kiswahili cha pande 4 za nchi kabla chai ya asubuhi haijachemka.

Sasa, sikio la binadamu likisikia neno halihifadhi maana yake tu. Linahifadhi pia sauti yenyewe: irabu ilivutwa kiasi gani, silabi ipi ilipanda, mwendo ulikuwa wa haraka au wa taratibu. Zamu yako ya kusema inapofika, kumbukumbu hizo mbichi ndizo zilizo karibu, na ulimi unazichota. Mwanasaikolojia wa Marekani Stephen Goldinger alilipima hili katika utafiti aliouchapisha mwaka 1998. Watu walisikilizishwa neno, kisha wakalitamka. Hakuna aliyewaambia waige. Wasikilizaji wengine walipolinganisha matamshi, waliona kwamba neno lililotamkwa baada ya kusikilizwa limesogea kuelekea sauti ya yule aliyesikika, kuliko lilipokuwa limesomwa tu. Maneno yasiyotumika mara kwa mara ndiyo yaliyosogea zaidi, kwa kuwa mtu hana kumbukumbu zake nyingi za zamani za kushindana na ile mpya. Haya yote yalitokea chumbani, kwa muda mfupi, kati ya watu wasiofahamiana. Fikiria basi miaka 3 ya kuchota maji bomba moja.

Lakini lafudhi haihami yote kwa pamoja. Msamiati hutangulia: mgeni husema "mshikaji" na "poa" kabla sauti yake haijaguswa. Kiimbo nacho husogea. Kisukuma, Kikurya na Kimakonde ni lugha za toni, na mzungumzaji wake huleta katika Kiswahili wimbo wa kwao; wimbo huo hulainika, na ndio watu wa nyumbani wanaougundua kwanza kwenye simu hata kama hawawezi kusema hasa ni kitu gani kimepungua. Silabi nazo hubadilika: aliyezoea kusema "mutu" na "mutoto", kama wasemavyo wengi wa bara na mashariki ya Kongo, huanza kufumba midomo na kusema "mtu" na "mtoto" kama watu wa pwani. Kinachogoma ni r na l. Lugha nyingi za Tanzania zina moja tu kati ya sauti hizo, na mtu aliyekua bila mpaka kati yake huenda asiusikie hata baada ya miaka 20 mjini. Asichokisikia hawezi kukiokota.

Na mwenyeji naye haponi. Sikiliza vijana waliozaliwa Temeke wakisema "napendaga", "hajagi", "tunakulaga pale". Kiambishi hicho cha mazoea hakikuzaliwa pwani; kinatoka katika lugha za bara, ndugu wa Kisukuma na Kinyamwezi, na kimeingia jijini midomoni mwa wahamiaji. Walimu wa Kiswahili hukikosoa darasani, kisha baadhi yao hukitumia wakifika kituo cha daladala. Kwa hiyo tunaposema mgeni "ameiga watu wa Dar", tunasema nusu ya habari. Dar es Salaam imewaiga wageni wake kwa wingi, bila kushauriana na mtu.

Je, kila mtu huokota kwa kiasi kimoja? Hapana, na hapa moyo unaingia. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, mwanasaikolojia Howard Giles na wenzake nchini Uingereza walionyesha kwamba watu wanaozungumza husogeleana kwa lafudhi wanapotaka kukubalika, na huachana wanapotaka kubaki mbali. Baadaye mwanaisimu Molly Babel aliwasikilizisha watu wa New Zealand sauti ya Mwaustralia. Waliosogea zaidi ni wale ambao ndani yao walikuwa na mwelekeo mwema kwa Australia, hata bila kujitambua. Kwa maneno mengine, mpangaji wa Chamazi anayeongea kama jirani yake ametoboa siri: anampenda, au walau amekubali kwamba hapa ndipo anapoishi. Na Mmakonde anayekaza lafudhi ya kwao mara tu anapotaniwa hajashindwa kujifunza. Amekataa. Naliona hilo kuwa haki yake kamili, na inaniuma kusikia akiigizwa sauti mbele ya watu ili wacheke.

Watoto ndio habari kubwa zaidi. Milton Keynes, mji mpya wa Uingereza ulioanzishwa mwaka 1967 na kujazwa na watu kutoka sehemu mbalimbali, ulichunguzwa na wanaisimu Paul Kerswill na Ann Williams. Watoto wa miaka 4 walikuwa bado wanafuata sana matamshi ya walezi wao. Wa miaka 8 na 12 walikuwa wameanza kufanana wao kwa wao, wakielekea kwenye lafudhi ya mji ambayo haikuwa ya mzazi yeyote mmoja. Yeyote aliyelea watoto Chamazi anajua picha hiyo. Mtoto anaanza shule ya msingi akiongea kama mama yake wa Newala. Akifika darasa la nne anaongea kama wenzake wa uwanjani, na mama anadhani anadharauliwa. Hadharauliwi. Wanaocheza naye kutwa nzima ndio wanaolinoa sikio lake. Wengine kati yao wana "dhambi" na "thamani" zilizonyooka kwa sababu ya madrasa, ambako th na dh husomwa kwa uangalifu kila jioni. Wengine husema "zambi" na "samani", na wote wanakutana kwenye mpira mmoja wa makaratasi.

Mwalimu anayepokea darasa la namna hiyo ana kazi moja ambayo fimbo na kicheko haviwezi kuifanya. Mtoto anayechanganya r na l afundishwe kusikia kwanza. Mwalimu ageuke, watoto wasiuone mdomo wake, kisha aseme "kura" au "kula", "mahari" au "mahali", naye mtoto aonyeshe picha ya kile alichokisikia. Dakika chache kila siku, bila kumlazimisha kutamka. Sikio likishauona mpaka, akalishwe dawati moja na mwenzake anayetenganisha sauti hizo, wasomeane kitabu kwa zamu, na wapewe muda wa kupiga soga.