Mfupa wa nguruwe na maharagi: supu yenye kulinda tumbo na minervali

Kisha feti ya ndoa, ya Noeli ao ya defanse ya mwenzetu, kitu kimoja hakikosekane kubakia kwenye meza: mfupa wa paja la nguruwe lenye lilikaushwa na moshi, ile tunaita jamboni. Wengine wanautupa. Wengine wanaupeleka kwa nguruwe wa nyumbani, wakifikiri wanaokoa chakula. Mimi, kama mtu wa agronomi, nasema: fasi ya ule mfupa ni ndani ya sufuria ya maharagi. Naeleza namna na sababu.

Kwa watu sita: nusu kilo ya maharagi makavu, mfupa na vipande vya nyama vyenye vilibakia, lita tatu za maji, vitunguu viwili, poaro mbili, karoti mbili, viazi vitatu, nyanya tatu, selari na pilipili kidogo. Ku Butembo karibu vyote vinashuka kutoka milima ya Lubero, kwa hiyo nyama tu ndiyo bei, na ile tayari ilikwisha kulipwa siku ya feti.

Mangaribi, chagua maharagi, osha, loweka usiku muzima. Asubuhi mwaga yale maji. Kuloweka kunapunguza muda wa moto, na makala ni franga. Tena makala ni miti: sehemu yake inakatwa ndani ya Parke ya Virunga, yenye iko tangu 1925.

Tia maharagi kwenye maji mapya, acha yatokote kwa nguvu dakika 10 za kwanza. Hiyo si mazoea tu. Maharagi, zaidi yale mekundu, yana sumu ya asili (lektini) yenye inaleta kutapika na kuhara. Moto mdogo hauiue. Maji yenye kutokota ndiyo yanaiua.

Wakati ule, chemsha mfupa pembeni dakika chache na umwage maji yake, juu nyama ya moshi iko na chumvi mingi. Kisha utie ndani ya maharagi, funika, punguza moto. Usiongeze chumvi mpaka uonje mwishoni.

Sasa uvumilivu. Butembo iko karibu metre 1.700 juu ya bahari, Beni karibu 1.200. Kwa hiyo maji ya Butembo yanatokota kwa digri 94 hivi, ya Beni kwa 96. Ndiyo sababu maharagi yaleyale yanachelewa kuiva Butembo. Yule wa Beni hana uchawi! Na maharagi yenye yalikaa muda mrefu kwenye depo ya joto na unyevu yanakuwa magumu hata uwashe makala namna gani. Nunua ya mavuno ya karibuni.

Nyanya zingoje. Asidi yake inazuia maharagi kulainika. Maharagi yakisha kuiva, ndiyo unatia viazi, karoti, poaro, vitunguu na nyanya, dakika 25. Toa mfupa, chambua nyama, irudishe. Ponda kijiko kimoja ao viwili vya maharagi pembeni ya sufuria, supu itakuwa nzito bila unga. Mwishoni, ndimu kidogo: vitamini C inasaidia mwili kuchukua chuma ya maharagi, na nyama kidogo inasaidia vilevile. Wenye hawakule nguruwe wachukue samaki wa moshi wa Kyavinyonge, hesabu ni ileile.

Kama hauna frigo, pika ya kumaliza siku ileile. Supu nzito inapoa polepole, na vijidudu vinapenda ile vuguvugu. Yenye inabakia, igawe kwenye vyombo vidogo ipoe mbio, na uichemshe tena vizuri mbele ya kula. Na mfupa wenye ulianza kunuka ao kuteleza, usijaribu kuuokoa na pilipili.

Nafika kwenye jambo kubwa zaidi. Kuna homa ya nguruwe ya Afrika, ugonjwa wenye ulielezwa mara ya kwanza Kenya mwaka 1921. Haushike mtu, lakini unaweza kumaliza zizi zima ndani ya siku chache, na hauna dawa. Virusi vyake vinaweza kuishi miezi ndani ya nyama ya chumvi na moshi yenye haikuiva. Mwaka 1957 uliingia Lisbon, Ureno, kupitia mabaki ya chakula cha ndege yenye walilisha nguruwe. Kwa hiyo mfupa mmoja wa feti unaweza kufanya kazi ileile Oicha ao Kyondo. Na kwetu, nguruwe ngapi zinalipa minervali ya mutoto ku iniversite?

Basi chemsheni, kuleni, na mfupa wenye ulikwisha kutoa supu muuzike mbali na zizi, fasi mbwa hawafukue. Maji ya kuoshea ile nyama mbichi yasimwagwe ndani ya chakula cha nguruwe pia.

Wa Butembo na wa Beni, semeni: kwenu maharagi yanachukua saa ngapi kwenye moto, na munatia nini yenye sikutaja?