Akili ya Simu Haimo Mkononi

Mtoto wa Kikoneni asiye na hata senti moja ya salio abonyezapo 116 katika simu ya mamake, huzungumza na mshauri wa Childline Kenya bila malipo, usiku au mchana. Ajaribupo kumpigia shangazi yake aliyeko Msambweni, huambiwa salio halitoshi. Simu ni ile ile, mnara ni ule ule. Ni nani basi aliyeamua kwamba wito huu upite na ule uzuiwe?

Mwanafunzi atajibu kuwa ni simu. Mwalimu wake, pengine, atasema ni mnara. Wote wawili wamekosa.

Katika enzi za Shirika la Posta na Simu, lililogawanywa mwaka 1999, kazi kubwa ya mtambo wa simu ilikuwa kuunganisha laini hii na ile. Mtambo wa namna hiyo ukitakiwa kutoa huduma mpya, sharti wenyewe urekebishwe, kisha wa pili, kisha wa tatu. Huko Marekani, mwaka 1981, kampuni ya AT&T ilianza kuziweka nambari za 800, ambazo mpigaji hazilipii, katika kompyuta iliyo kando na mitambo. Mtambo ukipata nambari kama hiyo husita kidogo, huiuliza kompyuta: niupeleke wapi wito huu, na nani alipe? Kisha hutii. Hapo ndipo akili ilipotengana na misuli.

Kwa hiyo 116 si nambari ya simu iliyo juu ya meza fulani. Ni jina tu, ambalo programu hulifasiri na kuagiza mpigaji asitozwe. Malipo ya kabla nayo yalizaliwa humo humo: kompyuta hulikagua salio kwanza, ndipo mazungumzo yaruhusiwe. M-Pesa ya mwaka 2007 si mtambo wa aina hiyo hasa, ila fikira ni jamaa; hesabu za mwenye duka wa Kikoneni ziliwekwa katika kompyuta zilizokuwa Ujerumani, hadi zilipohamishiwa Kenya mwaka 2015.

Jambo linalonikera ni kwamba somo la kompyuta, katika madarasa niliyoyaona, lingali ni kupiga chapa barua. Programu ni amri, na kila amri ina mwandishi. Kuna aliyeamua kwamba kwa 116 swali la salio lisiulizwe. Mtoto aliyeumizwa, naye hajui hivyo, ataitazama simu isiyo na salio na kuirudisha mezani.

Mwalimu na achore ubaoni visanduku vitatu: simu, mtambo, kompyuta. Aiandike 116 kando yake, na asiifute kipindi kiishapo. Kisha awaulize wanafunzi ni nambari gani nyingine wangeziruhusu zipite bila salio, na ni nani wangemtoza gharama. Hao wa chini ya Mlima Mrima, naamini, hawatakosa la kusema.