Mbwa Mzee Naye Ana Haki Yake

Watu wa pwani tukimtaja mbwa, neno la kwanza kututoka kinywani ni "najisi". Neno hilo si uongo. Sisi wa madhehebu ya Imamu Shafii tulifundishwa tangu chuoni, tungali watoto wa kukaa mkekani na juzuu mapajani, ya kwamba chombo kilichorambwa na mbwa huoshwa mara saba, na mara moja katika hizo kwa mchanga. Wenzetu wa madhehebu ya Imamu Maliki wana kauli nyingine, nao wana hoja zao. Lakini najisi ni hukumu ya tohara. Yatufunza namna ya kuosha nguo na sahani. Haikusema popote ya kwamba kiumbe huyo hana haki. Wengi wetu tumeyachanganya mambo hayo mawili, na ndiyo nitakayo tuyazungumze leo, ndugu msomaji.

Nina shamba dogo la urithi nyuma ya Gede, upande wa msitu wa Arabuko-Sokoke. Aliyelima karibu na msitu ule hahitaji kuelezwa. Mahindi yakianza kubeba, nyani na tumbili huja mchana, nguruwe-mwitu huja usiku, na asubuhi mtu hukuta mabua matupu. Kwa ajili hiyo tuliweka mbwa jike, mweupe mwenye mabaka, tukamwita Chui. Sheria imeruhusu. Mtume (s.a.w.) alikemea kufuga mbwa bure bure, lakini akawatoa katika makemeo hayo mbwa wa kuchunga mifugo, wa kuwinda, na wa kulinda shamba. Chui alililinda shamba lile miaka 11. Hakuingia nyumbani wala hakula katika sahani ya mtu. Ujira wake ulikuwa ugali na vichwa vya samaki.

Miaka mitatu iliyopita, masika yakikaribia, mlinzi wetu alinipigia simu. Yeye ni mzee wa Kigiriama aliyekaa na mbwa yule tangu alipokuwa hajafumbua macho vizuri. Aliniambia, "Maalim, Chui hali kitu siku ya tatu leo. Lakini maji anakunywa kama ng'ombe, na tumbo limemvimba."

Tukaazimia kumpeleka Malindi kwa daktari wa mifugo. Wenye tuktuk wawili walikataa kumpakia. Wa tatu alikubali baada ya kutandikiwa magunia na kuongezwa nauli. Daktari alimpima, akanieleza kwa lugha nyepesi. Mbwa jike asiyefungwa uzazi, akiwa mtu mzima, aweza kupata usaha katika mfuko wa uzazi, majuma machache baada ya siku zake za kutaka dume. Sumu ya usaha huo huingia katika damu na kuzisumbua figo. Ndiyo maana mnyama hunywa maji bila kutosheka. Mlango wa mfuko ukiwa umejifunga, usaha hukosa pa kutokea, na mfuko waweza kupasuka. Dawa yake ya hakika ni kumpasua na kuutoa mfuko wote. Hesabu yake, pamoja na vipimo vya damu, dawa na siku za kulazwa, ilifika shilingi 28,000.

Mimi nilikuwa nimeweka shilingi 40,000 za makuti. Paa la nyumba ya shamba lilikuwa limechoka, na masika hayamngoji mtu.

Habari haikukawia kufika barazani. Swahibu yangu mmoja aliniambia, "Maalim, elfu ishirini na nane kwa mbwa? Mbwa mwingine utapewa bure hata kesho. Watoto wa mbwa wanatupwa majaani." Mwingine akasema wako mayatima wasio na sare za shule, na pesa hizo zingefaa huko. Na mke wangu, ambaye si mwenye maneno mengi, aliuliza neno moja tu: "Na makuti?"

Sikuyadharau maneno yao. Swali la mke wangu ndilo lililokuwa zito kuliko yote, kwani katika sheria yetu matumizi yana mpango. Wa kwanza ni mtu mwenyewe na wale walio chini ya mkono wake. Mtu hawezi kuwanyima wanawe chakula au dawa kisha akajiita mwenye huruma kwa sababu amemtibu mbwa. Lau paa lile lingekuwa la nyumba wanamolala watoto wangu, nisingefika kwenye maswali yaliyofuata.

Hoja ya yatima nayo ni ya haki, lakini huitwa kazini kwa upendeleo. Sikuisikia barazani siku swahibu yuleyule alipobadilisha simu ambayo ilikuwa nzima. Sadaka ya yatima ina mlango wake, na mlango huo haufungwi kwa kulipa deni jingine.

Hoja ya kwamba mbwa mwingine hupatikana bure ndiyo iliyonishughulisha zaidi. Kwa soko ni kweli: Chui hakuwa na bei. Nani angemnunua mbwa mzee, mgonjwa, aliyeanza kutosikia vyema? Lakini hoja hiyo yamhesabu mnyama kama ndoo. Ikitoboka, hununuliwa nyingine. Na dini yetu haikumhesabu hivyo.

Nilimwendea mzee mmoja aliyenisomesha fikihi ujanani. Alinikumbusha jina la Izzuddin bin Abdissalaam, mwanachuoni mkubwa wa Kishafii aliyefariki Misri mwaka 1262. Bwana huyu, katika kitabu chake cha misingi ya hukumu, alizitaja haki za wanyama juu ya mwanadamu. Ya mwanzo aliyoitaja ni kuwapa matumizi yanayowastahiki, hata wakizeeka au wakiugua hata wasiwe na faida tena kwa mwenyewe. Kisha akataja kutowatwika mzigo wasiouweza, na kutowaweka pamoja na chenye kuwadhuru. Itazame ile ya mwanzo, ndugu msomaji. Imeandikwa kabla ya nyumba nyingi za mawe tuzionazo katika miji yetu ya pwani kujengwa, nayo inamzungumza mnyama yuleyule ambaye barazani tunasema hana faida.

Tena tunazo hadithi ambazo kila mtoto wa chuo amezisikia. Mtu aliyeshuka kisimani kunywa, akatoka akamkuta mbwa anaramba mchanga wenye unyevu kwa kiu, akarudi chini akajaza maji katika khofu yake na kupanda nayo akiishika kwa meno, naye akasamehewa. Mwanamke aliyemfungia paka bila chakula hata akafa, naye akaadhibiwa. Na katika Sura ya Al-Kahf, vijana wa pangoni wametajwa pamoja na mbwa wao aliyenyoosha miguu kizingitini. Hakuachwa nje ya kisa kwa sababu ya najisi yake.

Basi nilijiuliza maswali matatu, na huenda yakamfaa mwingine aliye katika hali kama ile. Je, pesa hii yatoka katika haki ya mtu aliye chini yangu? Hapana, yatoka katika paa la shamba, na paa laweza kuzibwa viraka msimu mmoja. Je, matibabu haya yana tumaini la kumponya, au yanarefusha maumivu tu? Daktari alipopima damu alisema figo zilikuwa zimeguswa lakini hazijafa, na moyo ulikuwa na nguvu. Akasema yako matumaini, ila hatoi ahadi. Je, ninamtibu kwa ajili yake, au kwa ajili ya moyo wangu usiotaka kuumia? Swali hili la tatu ni gumu, kwani moyo hujibu haraka kabla ya akili. Nililijibu kwa kufikiri kama mlinzi wangu: aliyekesha akikulindia miaka 11, akiugua ugonjwa wenye dawa, hupewa dawa.

Akapasuliwa. Siku ya nne alirudi shambani. Mlinzi na mimi tulivaa glavu kila tulipomsafisha kidonda, na nguo zilizolowa mate yake zilioshwa mara saba, moja kwa mchanga, kama tulivyofunzwa. Hata hilo lilikuwa somo kwa vijana waliokuwa wakitazama. Rehema haikutulazimisha kuiacha tohara, wala tohara haikutuzuia rehema. Paa likatiwa viraka, nasi tukavuka masika tukikinga matone kwa sufuria.

Ningeweza kuishia hapo, na ingekuwa hadithi tamu. Lakini jambo lilirudi kwa sura nyingine. Baada ya miezi kumi Chui alianza tena kunywa maji mengi, akakonda, na pumzi yake ikanuka. Safari hii damu ilionyesha figo zimekwisha. Daktari alisema aweza kumweka katika dripu siku kadhaa, kwa shilingi 3,000 kila siku. Huenda akapata nafuu ya majuma machache, kisha hali irudi palepale. Kupona hakukuwapo.

Wako waliodhani nitalipa tena. Sikulipa. Maswali yalikuwa yaleyale, lakini majibu yalikuwa mengine. Kumfungia mnyama mzee katika kizimba cha mjini, mbali na mtu na mti anaoujua, sindano mguuni, ili tu nijiambie kwamba nimefanya kila kitu, huko si kulipa deni lake. Haki ya mnyama ni kupunguziwa taabu. Hesabu ya siku zake si yetu sisi.

Daktari alinieleza pia ya kuwa iko sindano ya kumlaza asiamke tena. Nalo nilimuuliza mwalimu wangu. Alinijibu ya kwamba katika vitabu vya madhehebu yetu imekatazwa kumchinja mnyama asiyeliwa hata kwa nia ya kumpumzisha, kama punda aliyelemaa. Lakini wako wanazuoni wa leo walioruhusu pale ambapo maumivu ni makali na tumaini limekatika. Akaniambia nimtazame mnyama mwenyewe. Chui hakuwa akilia wala kutetemeka kwa maumivu, alikuwa amechoka. Tukamrudisha chini ya mkorosho wake. Daktari alitupa dawa ya kuzuia kutapika, na mlinzi akamwekea maji karibu na kichwa, akimgeuza kila alipolala sana upande mmoja. Alikufa usiku wa tano, tukamzika hapohapo. Mwingine aliye na mnyama anayeteseka zaidi amuulize daktari wake na sheikh wake; hali hazilingani.

Kwa ndugu ambao hawana hata hizo 28,000, nami najua ni wengi, neno langu ni hili: Mungu haikalifishi nafsi ila kwa uwezo wake. Haki ya mnyama haianzii katika hospitali. Yaanza katika kivuli, maji safi, chakula, chanjo ya kichaa cha mbwa kila mwaka, na kumfunga uzazi mbwa jike angali kijana, jambo ambalo lingemwepusha Chui na ugonjwa ule wa kwanza kwa gharama ndogo kuliko ile ya kumpasua. Lamu, ambako punda ndiye aliyebeba mawe na chokaa ya mji mzima, ilifunguliwa zahanati ya punda mwaka 1987 ya kuwatibu bila malipo, na wenye punda wakawapeleka. Nani alisema basi watu wetu hawana huruma na mnyama? Huruma wanayo. Kilichobaki ni kuifikisha hata kwa yule tusiyempenda kumgusa.

Niliwaandikia wenzangu wa barazani ubeti mmoja, nao wakausoma bila kubishana, jambo ambalo si la kawaida yao:

Mnyama hana kauli, hawezi kukudaia,
Hasemi nilipe mali, wala haki kulilia,
Hukutazama kwa mbali, jicho akikutupia,
Ila kesho kwa Jalali, deni litakurudia.

Shambani sasa yuko mbwa mwingine, dume, wa bure kama alivyosema swahibu yangu. Amekwisha kuchanjwa. Na kila nikiuza maembe, hutoa mia mbili tatu nikazitia katika mkebe mlinzi aujuao, kwa siku ambayo naye atazeeka.