Intaneti ya mwanga: kabla ya kulipa, tuangalie hewa



Rezo ikikatika siku ya soko, tunauza maharagi bila kujua bei ya kwingine, na feza za telefone hazifiki. Ndiyo maana tukisikia kuna vyombo vinavyopitisha intaneti kwa mwanga, bila kamba na bila kuchimba mawe ya volkano, tunatamani. Si uongo, vyombo hivyo viko. Lakini hewa inaweza kuvisumbua sana.

Mfano uko Kongo. Mwaka 2021 mradi wa Taara, wa kampuni ya Alphabet ya Marekani, ulieleza namna ulivyounganisha Brazzaville na Kinshasa kwa mwanga usioonekana kwa macho, juu ya mto, kilometa 4.8. Kamba ingezunguka zaidi ya kilometa 400. Kwa siku 20 ilipita karibu terabaiti 700, ni kusema gigabaiti 700 000, na rezo ilisimama muda mfupi tu.

Hewa inafanya nini?

Angalia juu ya mbabula yenye makaa: ukuta wa nyuma unaonekana kama unacheza. Ukuta haujatikisika. Hewa ya moto ni nyepesi, ya baridi ni nzito. Zikichanganyika, mwanga unapinda huku na huku. Nyota zinametameta usiku kwa sababu hiyo hiyo.

Sasa, saa sita ya mchana, mawe meusi ya Katoyi na mabati ya nyumba ni kama mbabula kubwa. Mwanga unafika ukitetemeka, mara wenye nguvu, mara dhaifu. Sehemu ingine inapita pembeni ya chombo cha kupokea, na rezo inakatika-katika. Kadiri umbali unavyoongezeka, ndivyo shida inavyozidi.

Ukungu ni shida ingine. Wenyewe unatawanya mwanga mpaka haufiki. Hata hewa ikitulia asubuhi, ukungu mzito unaweza kufunga njia.

Nini inasaidia?

- Kufunga vyombo juu sana, mbali na joto la udongo na la mabati.
- Kupunguza umbali.
- Vyombo vyenye vioo vinavyojigeuza vyenyewe kufuata mwanga.
- Kioo kipana cha kupokea, ili mwanga ukiyumba usipotee wote.
- Kuweka radio ya kawaida pembeni, ishike kazi mwanga ukishindwa.

Kamati iulize nini?

Mtu akileta vyombo hivi, asituonyeshe jioni tu, wakati hewa mara nyingi imetulia. Tuombe ajaribu saa sita jua likiwaka, na asubuhi ya ukungu. Tumuulize: kutoka hapa mpaka mnara ni kilometa ngapi? Mlingoti ukiyumba kwa upepo, nani atakuja kuunyoosha? Mwanga ukikatika, kuna njia gani ingine?

Feza ya ushirika ni jasho letu sote. Majibu yaandikwe kwenye mkataba, ndipo tulipe.