Mwanjelwa hadi Guangzhou: Umbali wa ndege na hesabu ya mtaji

MBEYA – Viatu, mikoba na vifaa vya simu vinavyojaa maduka ya Mwanjelwa vingi hutoka China. Mfanyabiashara aliyekuwa akichukua mzigo Kariakoo, mtaji ukikua, huanza kufikiria kuufuata mwenyewe Guangzhou. Kabla ya kukata tiketi, ni vyema apige hesabu ya umbali.

Kwa njia iliyo fupi kuliko zote, Dar es Salaam hadi Guangzhou ni kilometa 8,700 hivi. Ndege yenye mwendo wa kilometa 900 kwa saa huumaliza umbali huo kwa takriban saa kumi. Air Tanzania ilianza safari za Guangzhou mwaka 2021. Abiria wengine hupitia Dubai au Addis Ababa, na njia hizo mbili hazipishani: kila moja ni kilometa 9,800 hivi. Mzunguko huo huongeza kilometa 1,100, yaani saa moja na robo tu angani. Kinachokula muda ni kusubiri ndege ya pili. Kwa hiyo tiketi ya bei nafuu ipimwe pamoja na gharama za chakula na malazi njiani.

Mbeya hadi Dar es Salaam kwa barabara ni kilometa 830 hivi, haifiki hata sehemu ya kumi ya safari ya China. Hata hivyo, basi huweza kuchukua muda mrefu kuliko ndege inayovuka Bahari ya Hindi. Kutoka uwanja wa Songwe, uliofunguliwa mwaka 2012, umbali wa angani ni kilometa 690 hivi.

Mzigo nao una hesabu yake. Mashirika ya ndege hutoza kwa uzito au kwa ukubwa wa boksi, kutegemea kipi ni kikubwa. Kanuni ya kawaida ni kuzidisha urefu, upana na kimo kwa sentimeta, kisha kugawanya kwa 6,000. Boksi la sentimeta 60 kwa 50 kwa 40 huhesabiwa kilo 20. Likijazwa mikoba yenye uzito wa kilo tisa, mwenye mali hulipia kilo 11 za hewa.

Ndiyo maana vifaa vya simu, vidogo na vya thamani, hustahimili nauli ya ndege, wakati viatu na vyombo vya plastiki huachiwa meli. Lakini meli huchukua wiki kadhaa, na mtaji uliolala baharini hauzai. Anayelenga sikukuu za Desemba ahesabu siku kuanzia kiwandani, bandarini, hadi mlango wa duka lake Mwanjelwa. Mzigo ukifika Januari, faida yote huishia katika kupunguza bei.